Maji Hubeba Mwamba



Nililokuja nalo naweza kulitaja kwa sentensi moja, ingawa kulieleza kutachukua muda. Kila kisima kirefu kinachochimbwa ili watu wanywe maji yake kinapaswa kupimwa unururifu, ile hali ya kutoa mionzi, walau mara moja, kabla pampu haijafungwa, na majibu yabandikwe pale pale maji yanapochotwa. Sizungumzii visima vya jirani na migodi peke yake. Nazungumzia kila kisima kinachoingia ndani ya mwamba, kiwe cha kijiji, cha shule, cha msikiti, cha kanisa, au cha mtu aliyejichimbia uani kwake akajenga na mnara wa simtanki.

Kabla sijaendelea, nitoe hofu. Maji yenye vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara yanaua watoto wetu, na yanaua kwa siku au wiki chache. Unururifu wa kwenye maji haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Hudhuru polepole, kwa miaka, tena pale tu unapozidi kiasi. Kwa hiyo mama mwenye kisima kirefu cha maji yasiyo na vimelea asikiache akarudi kuchota kwenye lambo la ng'ombe kwa sababu ya mhadhara huu. Nawaomba sana mliobeba jambo hili kulipeleka nyumbani mlipeleke pamoja na onyo hilo.

Watu wengi wakisikia neno mionzi huwaza bomu la Hiroshima, au Chernobyl, au wagonjwa wetu wa saratani wanaopelekwa hospitali ya Ocean Road. Ni kweli kwamba kazi ya binadamu inaweza kuingiza unururifu kwenye bomba la nyumbani. Tarehe 23 Machi 2011, siku chache baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, serikali ya jiji la Tokyo ilitangaza kwamba maji ya mtambo wa Kanamachi yamekutwa na iodini 131 yenye bekereli 210 kwa lita, wakati ukomo uliowekwa kwa watoto wachanga ulikuwa 100. Bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kila sekunde na kutoa mionzi. Wazazi wakaambiwa wasikorogee maziwa ya watoto kwa maji ya bomba, na maji ya chupa yakagawiwa. Iodini ile hupungua nusu kila siku 8, hivyo baada ya muda mfupi tishio likapita. Urani iliyo ndani ya mwamba hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.5. Haikuletwa na ajali yoyote, na hakuna wa kuisubiri iishe.

Twende Bahi. Anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Singida anaijua mbuga ile: masika inajaa maji na mpunga unastawi, kiangazi inakauka na udongo unapauka kwa chumvi. Mto Bubu unaishia pale. Hauna njia ya kufika baharini. Chini ya mbuga hizo, na za Manyoni, mita chache tu kutoka juu, watafiti wa madini walikuta urani imejishika kwenye udongo wa chokaa. Ilifikaje pale? Ililetwa na maji. Milima ya matale inayozunguka bonde lile ina urani kidogo kidogo imetapakaa ndani yake, kama ilivyo kwa matale ya kwingineko duniani. Mvua ikinyesha, maji huzama kwenye nyufa yakiwa na oksijeni ya hewani na gesi ya kaboni ya udongoni, na kadiri yanavyosuguana na mawe ndivyo yanavyopata ile tabia ya magadi. Maji ya namna hiyo, yenye oksijeni na magadi, ndiyo yanayoyeyusha urani vizuri kuliko mengine. Yakatembea chini kwa chini hadi bondeni, jua likayakausha, na yalichobeba kikabaki.

Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, nayo ililetwa na maji, kwa namna nyingine. Pale maji yenye urani yalipita ndani ya mwamba mchanga mpaka yakakutana na mabaki ya mimea ya kale. Mabaki yale yalikula oksijeni yote, na urani, ambayo bila oksijeni haiyeyuki, ikaganda kwenye punje za mchanga. Mtu akiniuliza ushahidi kwamba maji ya ardhini katika nchi hii yanaweza kubeba urani, namwonyesha ramani ya madini. Hazina tunazozitangaza kwa wawekezaji zimewekwa na maji yale yale tunayoyatafuta kwa mashine za kuchimbia visima.

Sidai kwamba kisima fulani cha Bahi au cha Manyoni ni kibaya. Wala sitaki mtu atoke hapa na kutangaza hivyo. Katika mwamba wa matale kila kisima hunywa kwenye ufa wake: kimoja kinaweza kuwa safi kabisa na cha jirani, hatua mia mbili tu, kikawa na urani nyingi. Ndiyo maana huwezi kupima kisima kimoja ukasema umepima kata nzima.

Kuna jambo la pili linalowachanganya hata wahandisi. Urani ikivunjika huzaa madini mengine kwa mfululizo, na miongoni mwake imo radiamu 226, ambayo tabia yake kwenye maji ni kinyume cha mama yake. Radiamu hupenda maji ya kina kirefu, yaliyokaa miaka mingi bila oksijeni, hasa yakiwa na chumvi. Maji yanayoiacha urani ndiyo yanayoweza kuichukua radiamu. Thoriamu nayo, madini yanayokifanya Kilima cha Mrima kule Kwale kuwa na mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida, yenyewe haiyeyuki kirahisi, lakini huzaa radiamu 228 inayoweza kuyeyuka. Kwa hiyo maabara ikikuletea jibu la urani peke yake, umepata nusu ya habari. Na kuna radoni, gesi inayotokana na radiamu, ambayo huja imeyeyuka ndani ya maji na kutoka mara yanapomwagwa au kupigwapigwa. Nyumba zetu za madirisha wazi zinatusaidia kwa hilo. Katika nchi za baridi, ambako watu hufunga kila upenyo, radoni ni habari kubwa zaidi, kwa sababu hatari yake kuu iko mapafuni.

Sasa mwilini. Urani ina sura mbili: inatoa mionzi, na ni metali yenye sumu, kama risasi na zebaki zilivyo na sumu. Kwenye maji ya kunywa, sumu ndiyo inayotangulia, na kiungo kinachopigwa ni figo. Finland ni nchi ya matale, na familia nyingi za mashambani kule hunywa maji ya visima virefu walivyojichimbia. Baadhi ya visima hivyo vina zaidi ya mikrogramu 1,000 za urani kwa lita. Mwaka 2002 watafiti wa kule walichapisha uchunguzi wa watu 325 waliokuwa wakinywa maji ya visima hivyo. Walichokiona ni kwamba kadiri urani ilivyozidi kwenye mkojo ndivyo kalsiamu na fosfeti zilivyozidi kupotea kupitia figo. Watu hawakuwa wagonjwa kitandani. Ila zile njia nyembamba za figo zinazorudisha mwilini kile kinachofaa zilikuwa zinavujisha. Nimeutaja uchunguzi huu kwa sababu unatuonyesha madhara kwa kipimo chake halisi: si kifo cha ghafla, na si kitu cha kupuuzwa katika nchi ambayo tayari ina wagonjwa wengi wa presha na kisukari, magonjwa yanayoshambulia figo hizo hizo.

Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha mikrogramu 2 za urani kwa lita mwaka 1998, likakipandisha hadi 15 mwaka 2004, kisha 30 mwaka 2011. Wapo wanaoliona hilo kama dalili ya kulegeza kamba. Mimi naliona kama kazi ya sayansi: mwanzoni ushahidi ulitoka kwa wanyama wa maabara na tahadhari ikawa kubwa, baadaye wakapatikana wanadamu waliochunguzwa, wakiwemo wale wa Finland. Kiwango cha sasa kinaitwa cha muda hadi leo, na mpimaji mwaminifu anapaswa kuwaeleza watu hivyo.

Radiamu ni habari nyingine. Mwili huidhania kuwa kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa, na ikishafika huko inakaa, ikipiga mionzi ya alfa kwa karibu sana. Haya tuliyajua kwa gharama ya watu. Katika miaka ya 1920, mfanyabiashara wa Marekani aliyeitwa William Bailey aliuza maji ya dawa kwa jina la Radithor, chupa ndogo zenye radiamu 226 na radiamu 228, akidai yanarudisha nguvu. Yalikuwa ghali, ya watu wenye fedha. Tajiri mmoja wa viwanda na bingwa wa gofu, Eben Byers, aliumia mkono mwaka 1927, daktari akamshauri anywe. Alikunywa chupa zinazokadiriwa kufika 1,400. Taya zake zikaoza, ikabidi mifupa yake ikatwe, na alifariki Machi 1932. Walipofukua mabaki yake mwaka 1965 ili kuyapima, mifupa ilikuwa bado inatoa mionzi.

Kila chupa ile ilikuwa na bekereli zipatazo 74,000. Ukomo wa sheria ya Marekani kwa radiamu zote mbili kwenye maji ya bomba leo ni kama bekereli 0.185 kwa lita. Mtu anayekunywa lita 2 kwa siku za maji yaliyofika ukomo huo atahitaji zaidi ya miaka 500 kumeza kilichokuwa ndani ya chupa moja ya Byers. Naitoa hesabu hii kwa sababu mbili. Inaonyesha jinsi ukomo ulivyowekwa chini ili kumlinda mtu anayekunywa maisha yake yote, na mtoto aliye tumboni, na mgonjwa. Na inamsaidia mtu atakayeambiwa kwamba kisima chake kimezidi ukomo kidogo alale usingizi, kisha asubuhi atafute suluhisho bila kukimbia.

Katika miaka hiyo hiyo ya maji ya Radithor, radiamu iliyoshusha bei ya dunia ilikuwa inatoka Shinkolobwe, Katanga, ikichimbwa na wanaume waliozungumza Kiswahili hiki tunachozungumza. Kampuni ya Union Minière ilianza kutoa radiamu kutokana na mawe yao mwaka 1922, katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Baadaye urani ya shimo hilo hilo ikaenda kwenye mradi wa bomu la Marekani. Historia ya bomu imeandikwa kwa wino mwingi. Maji waliyokunywa wachimbaji na wake zao, katika kambi zilizojengwa juu ya mwamba ule, hayakupata nafasi kwenye vitabu hivyo, na sioni sababu ya kuirudia hali hiyo katika karne hii.

Niwaonyeshe upimaji wenyewe, maana watu hukata tamaa wakidhani ni kazi ya Ulaya tu. Mchukua sampuli anafika kisimani na chupa safi ya plastiki. Anaiacha pampu itoe maji kwanza, yale yaliyolala ndani ya bomba yaishe, yaje ya mwamba wenyewe. Anasuuza chupa kwa maji hayo hayo, anaijaza, kisha anadondosha asidi ya nitriki kidogo. Asidi hiyo ni ya lazima. Bila hiyo, radiamu na urani hung'ang'ania kwenye kuta za chupa, na maabara itapima maji matupu huku kinachotafutwa kimebaki kwenye plastiki. Akitaka kupima radoni, anabadili utaratibu wote: chupa inakuwa ya kioo, anaizamisha ndani ya ndoo na kuifunga humo humo chini ya maji, asiache hata kiputo kimoja cha hewa, kwa sababu gesi itakimbilia kwenye kiputo hicho. Radoni hupungua nusu kwa siku zisizofika 4, hivyo chupa ikikaa wiki nzima kwenye buti la basi, itafika maabara ikiwa na kama robo tu ya kilichokuwemo.

Maabarani, maji hukaushwa polepole kwenye moto mdogo mpaka ubaki unga. Unga huo hutandazwa kwenye kisahani cha chuma, uwe mwembamba sana, kwa sababu chembe za alfa hazina nguvu ya kupenya na zinaweza kuzuiwa na unga wenyewe. Hapa ndipo maji ya chumvi yanapowasumbua wataalamu: lita moja ya maji hayo huacha unga mnene, ikabidi wachukue maji kidogo na kuhesabu kwa muda mrefu zaidi. Kisahani huingizwa kwenye mashine yenye kuta nene za risasi, na kwa saa kadhaa mashine inahesabu mionzi ya alfa na ya beta. Shirika la Afya Duniani linasema jumla ya alfa ikiwa chini ya bekereli 0.5 kwa lita, na beta chini ya 1, kazi imekwisha na watu waendelee kunywa. Ikizidi, kisima hakijahukumiwa bado. Kinachofuata ni kutafuta ni kitu gani hasa kinachotoa mionzi hiyo. Mara nyingine beta yote ni ya potasiamu ya kawaida, ile ile iliyomo kwenye ndizi na maharage, na hiyo huondolewa kwenye hesabu. Mwisho kabisa hukokotolewa dozi ya mwaka mzima kwa mtu anayekunywa lita 2 kila siku. Kipimo kinachotakiwa kisipitwe ni milisiveti 0.1, wakati mionzi ya asili kwa jumla, kutoka angani, ardhini na kwenye chakula, humfikishia mtu wa kawaida duniani milisiveti 2.4 kwa mwaka.

Urani yenyewe hupimwa kwa uzito wake, kwa mashine nyingine. Mikrogramu 30 za urani hutoa takriban bekereli 0.75 za alfa. Maana yake, kisima kilichofika ukomo wa urani kitakuwa kimeshapita ule mstari wa kwanza wa 0.5 na kupiga kengele. Kipimo cha kwanza, ambacho ni rahisi, kinaweza kutulindia vingi, mradi kifanyike. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina maabara Arusha. Hatuanzi kutoka sifuri.

Na mtu akija kijijini kwenu na kifaa cha mkononi kinacholia, akakielekeza kwenye glasi ya maji akasema ni salama, mwambieni asante na aende zake. Alfa huzuiwa na maji yenyewe na kioo cha glasi. Kifaa chake hakiwezi kuisikia hata ikiwemo.

Sasa dawa yake. Kuchemsha, ambako tumefundishana kwa haki kabisa kuwa ndiyo kinga ya nyumbani, hakuondoi urani wala radiamu. Mvuke unaopanda ni maji matupu. Ukichemsha sufuria ikabaki nusu, kila lita iliyobaki ina mara mbili ya kilichokuwemo. Dawa ya maji na vidonge vya klorini haviigusi, wala kitambaa, wala chujio la udongo. Radoni peke yake ndiyo hutoka kwa kuchemsha au kwa kuyapepea maji. Kinachofaa kwa urani na radiamu ni mashine za kusukuma maji kupitia utando, zile zile wanazotumia wauza maji wa pwani kuondoa chumvi, au vichujio vya chembechembe maalumu zinazobadilishana ioni: aina moja hukamata urani, nyingine hukamata radiamu. Mitambo mikubwa inaweza kuondoa sehemu kubwa ya urani kwa shabu, asidi ya maji ikidhibitiwa. Mji wenye visima vingi unaweza pia kuchanganya maji ya kisima kilichozidi na ya vilivyo safi mpaka yashuke chini ya ukomo.

Kwa nyumba moja, habari ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Urani na radiamu hudhuru kwa kumezwa. Ngozi haizipitishi kwa kiasi cha kujali. Familia yenye kisima kilichozidi inaweza kuoga, kufua na kunyweshea bustani kwa maji hayo hayo, na ikatafuta maji mengine ya kunywa na kupikia tu, madumu machache ya lita 20 kwa wiki. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kutoka kwenye bati hayajagusa mwamba wowote, na mahali pengi ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote.

Ila msinunue kichujio kikubwa cha kijiji bila kuuliza kitakachofuata. Kichujio kinachokamata urani kwa mwaka mzima kinaijaza tumboni mwake. Chembechembe hizo zikichakaa haziwezi kutupwa jalalani au kupewa watoto wachezee. Lazima mkataba wa kununua kichujio useme nani atazichukua, na lini. Nimeona miradi mizuri ya maji ikifa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Watu wa Arusha na Meru wanaweza kutufundisha sote hapa. Wao wameishi vizazi na vizazi na maji meupe, matamu, yaliyobeba floridi ya mawe ya volkano, na meno ya watoto yakawa ya kahawia. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi kusafisha maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Lakini floridi ilijitangaza yenyewe, kwenye tabasamu la kila mtoto. Urani haiachi alama juu ya jino. Anayeinywa hatajua, na daktari wa zahanati atakayemwona na figo zake hatakuwa na sababu ya kuuliza kuhusu kisima, kama hakuna karatasi inayomwambia aulize.

Nalisisitiza suala la karatasi kwa sababu nimeshika nyingi za visima vipya: zina mistari ya vimelea, chumvi, ugumu wa maji, chuma, naitreti, floridi. Mstari wa alfa na beta hauko. Tena karatasi hizo huishia kwenye faili la ofisi. Mji wa Waukesha, jimbo la Wisconsin, Marekani, uliokuwa maarufu karne ya 19 kwa chemchemi zake ambazo wagonjwa walizifuata kama dawa, ulikuja kugundua kwamba visima vyake virefu vya mwamba mchanga vina radiamu iliyozidi. Walibishana na serikali yao kwa miaka mingi, wakaweka mitambo ya kuchuja, wakachanganya maji. Mwisho waliomba maji ya Ziwa Michigan. Magavana wa majimbo 8 yanayoyazunguka Maziwa Makuu wakakubali mwaka 2016, na Oktoba 2023 maji ya ziwa yakaanza kutoka kwenye mabomba yao. Ulikuwa mwendo mrefu na wa fedha nyingi. Lakini kwa sehemu kubwa ya muda huo mwananchi wa Waukesha alikuwa na haki, kwa sheria, ya kupelekewa kila mwaka, kabla ya Julai 1, taarifa ya kilichomo kwenye maji yake, radiamu ikiwemo. Aliyetaka kununua kichujio alinunua akijua kwa nini. Na hata kule sheria hiyo haimlindi mwenye kisima chake binafsi. Yeye hujipimia mwenyewe. Jambo hilo liwaguse wenye visima vya uani wa Dar es Salaam na Nairobi, wanaowauzia na majirani.

Nimalizie na Namtumbo, kwa kupitia New Mexico, Marekani.

Alfajiri ya 16 Julai 1979, mahali paitwapo Church Rock, bwawa la mabaki ya mgodi wa urani lilipasuka. Nyufa zilikuwa zimeshaonekana kwenye kingo zake tangu 1977. Takriban lita milioni 356 za maji ya asidi yenye unururifu, pamoja na tani 1,100 za mabaki, ziliteremka kwenye Mto Puerco na kuingia katika ardhi ya Wanavajo, wafugaji wa kondoo waliokuwa wakinywesha mifugo yao mtoni humo. Miezi michache kabla, ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island ilikuwa imejaza magazeti ya dunia. Ya Church Rock haikujaza kitu, na gavana wa jimbo alikataa kuomba itangazwe kuwa janga. Kati ya 1944 na 1986 karibu tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika nchi ya Wanavajo, na migodi zaidi ya 500 ikaachwa wazi. Walipoanza kudai haki kwa visima vyao vilivyochafuka, walikutana na swali moja kila walipokwenda: mtathibitishaje kwamba urani hii ilitoka mgodini, wakati mwamba wenu una urani ya asili? Hakukuwa na vipimo vya kabla ya mgodi. Mwaka 2005 Wanavajo walitunga sheria yao ya kupiga marufuku uchimbaji wa urani.

Sasa turudi Namtumbo. Mwaka 2012 UNESCO iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la Mto Mkuju litoke nje ya hifadhi. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani pale. Maji ya nchi ile huteremkia bonde la Rufiji. Mtu anaweza kuunga mkono mgodi huo au kuupinga. Mimi leo sikuja kwa hilo. Nataka visima vyote vya vijiji vinavyouzunguka, na mito, vipimwe alfa, beta, urani na radiamu sasa, masika na kiangazi, kabla uzalishaji mkubwa haujaanza. Sampuli zichukuliwe mbele ya wajumbe wa kijiji, nusu ibaki imefungwa kwa lakiri mikononi mwa mtu asiyelipwa na kampuni wala na wizara inayokusanya mrabaha. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na yabandikwe ofisi ya kijiji, shuleni na kwenye kituo cha maji, yakiwa na jina la kisima, tarehe, na tarakimu zenyewe. Mgodi ukifunguliwa, vipimo virudiwe kila mwaka kwenye visima hivyo hivyo, na viendelee baada ya mgodi kufungwa, kwa fedha iliyowekwa benki mapema kabla jiwe la kwanza halijatoka.

Wajumbe wa kamati za maji, chupa na maelezo ya kuchukua sampuli viko mezani pale mlangoni. Ambao visima vyenu vinachimbwa mwaka huu, tuonane kabla hamjaondoka, ili mstari wa alfa na beta uingie kwenye mkataba wa mkandarasi mapema, kabla hajalipwa.